Kitambaa Chekundu cha Mkungu wa Krismasi

Jumapili, 28 Desemba. Kahororo.

Mvua imeanza alfajiri na mpaka sasa, saa saba mchana, haina dalili ya kukata. Sikwenda kanisani. Nimejidanganya kuwa ni mvua, ilhali kanisa liko karibu na mwavuli ninao. Ukweli ni kwamba sikutaka kusimama na waumini kuungama dhambi kwa ujumla, wakati ninayo moja ninayoijua vizuri.

Nimemsingizia Mama kwa kunyamaza.

Mama anaishi peke yake kijijini kwetu Muleba, kwenye kibanja, shamba la migomba aliloachiwa na Taata, baba yetu. Taata amezikwa humo humo, hatua chache nyuma ya jiko. Kila mwaka, migomba inapoanza kubeba, Mama huchagua mmoja ambao anajua mkungu wake utakomaa Krismasi. Huuegemezea mti usianguke, huufunga kitambaa chekundu cha kanga kuukuu, na tangu siku hiyo hakuna wa kuugusa, hata njaa ibishe hodi. Sikukuu ikifika unakatwa, na tarehe 25 unapikwa na nyama, nasi tunaula tumeketi kwenye nyasi mbichi zilizotandazwa sebuleni. Mama huonja wa kwanza, husema "Mungu asifiwe," ndipo tunanyoosha mikono. Wali na kuku ni vya watoto. Senene, wale panzi wa kukaanga, ni za kutafuna tukipiga soga. Krismasi yenyewe ni ule mkungu.

Sasa macho yake yamefifia. Huu ni mwaka wa pili anatutambua kwa sauti. Kaka yangu Elia, anayeishi mtaa wa Bakoba, amembembeleza mara nyingi ahamie kwake mjini, na Mama humjibu vilevile kila mara: "Waitu, siku nitakaposhindwa kuujua mgomba wangu, njooni mnichukue."

Hilo jibu ndilo linaloniua leo.

Mwaka huu pia tulikwenda kwake sote. Mama alitaka kuukata mkungu mwenyewe mkesha wa sikukuu, mvua ikamzuia. Asubuhi ya Krismasi akaniambia ngoja nikuonyeshe ulipo, ni nyuma ya jiko, una kitambaa. Nikamwambia, "Mama, nenda kanisani, utachelewa. Mimi ni mtoto?" Akasita mlangoni, mkono kwenye fremu. Nikamsukuma kidogo, kwa upendo, nadhani. Akaondoka na Elia na wajukuu.

Nikachukua mundu nikaingia kibanjani. Majani yalikuwa yananichuruzikia maji shingoni na nilikuwa nimevaa viatu visivyofaa. Nikaona mkungu mnene, umeegemezewa mti, uko nyuma ya jiko. Kitambaa sikukiona. Sikukitafuta pia. Nilijiambia, Mhaya gani anafungiwa kitambaa ili aijue ndizi? Mnatujua Wahaya kwa maringo, na siku hiyo niliringa peke yangu, katikati ya migomba, bila hata mtu wa kunitazama.

Nilikata embire.

Kwa msiotoka kwetu: embire ni ndizi za pombe. Tunazipanda kibanja kimoja na ndizi za kupika, na kwa asiyezizoea zinafanana sana. Ukiziivisha na kuzikamua unapata rubisi nzuri. Ukizipika mbichi ni chungu, zinakukaza ulimi. Mtoto wa darasa la pili pale kijijini asingekosea. Mimi nimeishi mjini miaka ishirini na moja, ndizi nanunua sokoni zikiwa zimeshachaguliwa na wengine.

Wakati namenya, utomvu ulinishika vidole ukawa mweusi. Moyo ukaniambia kitu. Nikaunyamazisha. Sufuria ilipochemka nikaonja, nikajua.

Naandika hili polepole kwa sababu sijamwambia mtu. Nilijua kabla hawajarudi. Muda wa kukata mkungu mwingine ulikuwepo, ungekuwa mfupi lakini ulikuwepo. Badala yake nikaongeza nyanya, nikaongeza samli, nikaongeza chumvi, nikaomba Mungu afanye muujiza kwenye sufuria siku ya kuzaliwa mwanawe.

Hakufanya.

Tuliketi kwenye nyasi. Mama akaonja. Akatafuna, akaacha, akatafuna tena, akameza. "Mungu asifiwe" yake ilichelewa. Elia aliweka tonge mdomoni akalitoa. "Huu mkungu nani kauchagua?"

"Mimi," Mama akasema.

Na ilikuwa kweli, yeye ndiye aliyechagua. Aliyekata hakuulizwa. Wote walijua nani amepika, lakini nani angefikiri kwamba sikukata ule wenye kitambaa? Elia akamtazama Mama kwa huruma, akasema kwa upole kabisa, "Mama, umefunga kitambaa kwenye embire." Kaka yangu si mkali. Angekuwa mkali ningejitetea, na katika kujitetea ningesema ukweli.

Mama alijibu kwa sauti ndogo, "Basi macho yamekwisha." Akajifuta vidole kwenye nyasi. Hakula kitu kingine.

Krismasi ya Wahaya, mwaka huu tumekula wali.

Jioni ile ile Elia alisema atakuja na gari Jumamosi ijayo kumchukua, na kibanja kitatafutiwa mtu wa kukitunza. Mama hakubisha. Aliuliza tu nani atakuwa anapalilia kwa Taata. Mimi nilikuwa naosha masufuria. Nilisugua lile moja mpaka likang'aa.

Ijumaa asubuhi aliingia ndani miguu ikiwa na tope, gauni limelowa mpaka magotini. Nikamuuliza alikuwa wapi. Akasema, "Kwa baba yako." Jana wakati wa kuondoka akanikabidhi kikapu, kimefunikwa kwa majani ya mgomba na kufungwa vizuri. Akanishika mkono, akanipapasa vidole kimoja kimoja, vidole ambavyo utomvu ulikuwa bado haujavitoka. Akasema, "Mwana wange, ukifika uzipike mapema, zisije zikaivia humo."

Nikadhani ni nasaha za mama tu.

Nimekifungua kikapu leo asubuhi. Juu kulikuwa na senene zilizokaangwa. Chini yake vichane vitatu vya ndizi za kupika, zimekomaa barabara. Na kwenye kikonyo cha kichane kikubwa, amekifunga kwa mafundo mawili, kitambaa chekundu.

Nilikaa sakafuni jikoni nikalia kama mtoto.

Alikwenda kuutafuta. Aliingia kibanjani na macho yale, akapapasa shina moja baada ya jingine mpaka mkono ukagusa kitambaa chake, pale pale alipokifunga. Akaukata mwenyewe. Akajua kwamba hakukosea, na akajua ni nani aliyekosea. Angeweza kumwita Elia palepale, alikuwa uani anafuta gari. Hakumwita. Alinifungashia.

Nimejiuliza asubuhi nzima kama alikuwa ananisamehe au ananisubiri. Nadhani ananisubiri. Mama yangu hajawahi kumsemea mtoto anayejua kusema.

Basi nimezimenya zote. Nimezipika kama apendavyo yeye, nyama, kitunguu, samli kidogo, basi. Nimeonja. Ni tamu, mpaka nimeona aibu kumeza. Kisha nimempigia Elia nikamwambia aje ale. Amecheka, "Koku, usije ukaniua na embire zako tena." Alikuwa anatania. Hajui ametania karibu na ukweli kiasi gani.

Naogopa. Sifichi. Naogopa uso wake zaidi ya hasira yake. Tangu Taata afariki ananiita mimi mtu wa kutegemewa katika nyumba yetu, na leo nitaona neno hilo likimfia mdomoni.

Lakini Jumamosi ni karibu, na gari lake lina mafuta. Nabandika haya hapa mtandaoni kabla hajafika, ili nisipate njia ya kurudi nyuma. Nitamwambia kabla hajaonja.

Nasikia honi getini. Chakula nimeshapakua. Kitambaa nimekilaza mezani, kando ya sahani yake.