Chemchemi Chini ya Madhabahu

2 Juni

Mwanangu mpendwa,

Hujambo huko kazini? Sisi wazima, ila goti linamsumbua mama yako, naye kwaya haikosi. Wazee wa kanisa wamenibebesha kazi: niandike historia ya usharika kwa ajili ya jubilei. Nimemtembelea shemasi mstaafu, yule bibi mcheshi. Anasema kanisa la kwanza, la mawe, halikubomolewa kwa sababu ya udogo kama tulivyoambiwa. Lilianza kuzama. Chini kulikuwa na chemchemi. Wakaifukia, wakajenga juu yake hili letu la kisasa, na lile paa zito la zege lisilo na nguzo. Nilicheka. Kisha nikakumbuka kwamba mlango wa sakristia siku hizi haufungiki.

Baba yako

9 Juni

Shikamoo Baba,

Mimi sijambo. Mpe Mama pole ya goti. Baba, kujenga nyumba ndiyo kazi yangu, sikutishi bure: ukuta umesogea. Angalia sakafu ya madhabahuni na pale paa linapokutana na ukuta. Watu wasiingie mpaka kanisa lipimwe.

Binti yako

20 Juni

Mwanangu,

Tu wazima bado. Chini ya zulia la madhabahu kumelowa chepechepe, na ufa wa ukutani unameza kiganja changu. Nikamwonyesha mchungaji. "Mzee wangu," akasema, "historia ya jubilei ni ya kumshukuru Mungu, siyo ya kutafuta nyufa. Askofu anakuja." Ufa umepigwa lipu na rangi. Mama yako naye ananiambia uzee umeniingia kichwani.

Baba yako

26 Juni

Shikamoo Baba,

Lipu haibebi paa! Mzuie Mama. Nimepata ruhusa, nakuja. Na wewe usiingie.

Binti yako

Jumapili ya jubilei

Mwanangu,

Leo nisamehe, sikuulizi hali. Nilifunga milango ya kanisa kwa mnyororo, wazee wameukata. Nikapiga kelele, wakanishika mikono na kunitoa taratibu kama mlevi. Mama yako alipita na joho lake la kwaya, hakunitazama.

Naandika kwenye ngazi za ofisi. Zimamoto nimewapigia, wanasema wako njiani. Mlangoni nimeona unga mweupe ukiwadondokea wanakwaya mabegani. Wanajipangusa na kuendelea kuimba. Sauti ya mama yako naisikia kati ya zote.

Barua hii namwachia mlinzi, akupe ukifika. Siwezi kukaa huku nje nikimsikiliza. Naingia kumtoa. Akikataa, nitakaa naye.

Baba yako