Msichana Aliyepewa Ukoo Wangu

Black Mesa, Arizona
12 Februari 1996

Kwako mjukuu wangu Rolanda,

Hujambo huko Utah? Mimi sijambo. Magoti ndiyo yanalalamika, lakini hayo yalianza kulalamika hata hujazaliwa. Kondoo wazima. Anayeandika ni Ilene wa dukani, kama kawaida, na ameshanionya nisiseme maneno machafu kwa kuwa karatasi ni yake.

Barua yako ilisomwa hapa kaunta, watu wamejaa wakijifanya wanachagua viazi. Nilitaka kusikia unakula nini, unalala wapi, nani anakutolea macho. Nikasikia Brenna. Brenna kakataa kuamka. Brenna kavunja sahani. Brenna leo kacheka. Mzee Chester akaropoka, "Huyo Brenna ndiye mjukuu wako mpya?" Duka zima likacheka. Nikanunua chumvi nisiyoihitaji, nikatoka.

Hebu nieleze hiyo kazi. Unalipwa kukaa na wasichana waliowashinda wazazi wao? Wewe ulinishinda mimi tangu mama yako akuache mikononi mwangu, na hakuna aliyenilipa hata mkia wa kondoo.

Wazazi wangu walinificha korongoni ili wazungu wasinipeleke kwenye mabweni ya shule zao, walikowakataza watoto wetu lugha yetu. Sasa wewe umejipeleka bwenini kwa miguu yako, ukalee watoto wao. Najua si kitu kimoja. Usinifundishe.

Kondoo wanazaa Aprili. Uliahidi kurudi, na kurudi kabisa. Hilo ndilo ninalolitaka. Mengine ni ya kujaza karatasi tu.

Bibi yako


Utah
3 Machi 1996

Shikamoo Bibi,

Natumaini magoti yamepoa. Nami ni mzima, ila baridi ya huku haina adabu. Msalimie Ilene, na Mzee Chester mwambie anunue viazi vyake aende.

Umeniuliza kazi. Mimi ni mlezi wa vijana kwenye kituo cha kutibu wasichana waliovunjika moyo. Mshauri wao huja mara moja kwa juma, wakazungumza kwa muda wa saa moja, akaondoka. Saa zote zilizobaki wako nasi. Nawaamsha, nakula nao, nafagia nao, nahakikisha visu vyote vimerudi jikoni. Jioni nakusanya viatu vyao, wasije wakatoroka. Wakinitukana, sijibu na siondoki. Bibi, kazi yenyewe hasa ni kubaki.

Brenna ana miaka kumi na mitano, kwao Minnesota. Alimeza vidonge vya mama yake, nusura wampoteze. Mama ameolewa upya. Jumapili ya wageni wenzake wanatembelewa, yeye anaosha vyombo ili aonekane ana shughuli. Siku moja akaniuliza kwetu watu wanasalimianaje. Nikamwambia kwanza unataja ukoo wako. Akasema, "Mimi sina." Nikampa wetu. Nimemfundisha kusema kwa lugha yetu kwamba yeye ni wa Maji Machungu, na nikamwambia kwetu mtu wa ukoo wako hafukuzwi mlangoni.

Kuhusu Aprili: wameniomba nikae mwaka mmoja zaidi. Sijawajibu.

Mjukuu wako Rolanda


Black Mesa
15 Machi 1996

Rolanda,

U mzima? Haya. Mimi si mzima, na sababu ni wewe.

Ukoo si mkate wa kukaanga, kwamba kila mwenye njaa unamkatia kipande. Nilipewa na mama yangu, naye na mama yake. Wewe ulipewa nami. Umempa mtoto wa Minnesota bila hata kuniuliza! Umechukua jina la mama zangu ukalitia mdomoni mwa msichana ambaye sijui hata kama ananawa mikono.

Ilene anasema nina wivu. Nimemwambia aandike: ndiyo, ninao, na ni mkubwa kuliko duka lake. Bega langu haliinuki, nywele zangu anafunga Ilene, nafanana na furushi la majani makavu. Wewe uko huko unamfundisha mgeni maneno niliyokufundisha ukiwa umekaa mapajani mwangu. Nikiugua, Brenna atakuja kunipasulia kuni?

Chagua. Mimi au yeye. Sentensi hiyo Ilene alikataa kuiandika. Nilipomwambia kahawa nitaanza kununua kwingine, akaiandika.

Bibi yako


Utah
2 Aprili 1996

Shikamoo Bibi,

Barua yako nimeisoma, nikairudia. Nimewaambia wakubwa zangu naacha kazi mwisho wa mwezi. Jana nikamwambia Brenna mwenyewe, asije akasikia kwa wengine. Hakulia. Hakutukana. Jioni alinikabidhi viatu vyake kabla sijaviomba.

Umeshinda.

Rolanda


Black Mesa
11 Aprili 1996

Kwako mjukuu wangu Rolanda,

Hujambo? Umelala tangu Brenna atoroke Jumapili? Najua hukulala. Harrison, polisi wetu, aliwapigia simu toka dukani, kwa hiyo unajua yuko hai na yuko kwangu. Njia imekuwa tope tupu, gari lenu halipiti mpaka ikauke. Leo anayeandika ni Harrison, kisha ataondoka kwa farasi na barua hii. Nataka ujue yale ambayo simu haikusema.

Nilifungua mlango alfajiri ili nilisalimie jua linapochomoza, kama siku zote. Nikamkuta amesimama. Miguuni soksi juu ya soksi, mkononi bahasha ya barua yangu kwako, nywele zimejaa nyasi za lori lililombeba. Nikainua fimbo. Akafumba macho, akasema kwa lugha yetu kwamba yeye ni wa Maji Machungu. Ulimi umepinda kama mguu wa meza ya Chester, lakini alisema. Maneno yakamwishia. Akaanza tena tangu mwanzo. Kumbe alidhani amekosea. Hakukosea, Rolanda. Alisema sawa tangu mara ya kwanza. Mimi ndiye niliyenyamaza.

Aliporudia tena, nikamtajia ukoo wangu. Ningefanyaje? Nilifungie mlango jina la mama yangu?

Amekula nyama ya kondoo mpaka mbwa wakanikasirikia. Lugha hatuelewani, tunagombana vizuri tu. Lakini sikiliza. Kila ninachomwonyesha, anakigusa na kuuliza, "Rolanda?" Kikombe: Rolanda? Ngozi ya kulalia: Rolanda? Wivu ukanipanda upya. Nyumba yangu, uji wangu, na bado ni wewe tu!

Harrison alipofika nikamwambia, "Hebu muulize huyu, amefuata nini kwangu?" Akamuuliza. Akanitafsiria akitazama kofia yake: "Anasema alikuja kumwona bibi anayemnyang'anya Rolanda."

Nikasema, "Mwambie hata mimi nilitaka kumwona msichana anayeninyang'anya."

Akamwambia. Tukatazamana, mimi na yeye, kama mbuzi wawili waliokutana kwenye njia nyembamba. Harrison akasema ana haraka. Hakuwa na haraka, aliogopa.

Basi. Yule ana sura niliyoiona kwenye maji ya birika la kondoo mwezi huu wote nikijitazama. Mimi nina kondoo, nina Ilene, nina hata Chester. Yeye, Jumapili, ana vyombo.

Uliandika kwamba kazi yenyewe ni kubaki. Basi baki. Nenda ukawaambie wakubwa wako huachi. Wakikasirika kwamba ulimfundisha njia ya mlango wangu, waje wanigombeze mimi, nitawapikia kwanza. Mwaka wako mmoja nakupa. Nakupa nikiwa nimekunja uso, usidhani nimekuwa mtu mwema. Ukoo ameshaupata, siwezi kumtapisha.

Yeye arudi nawe, amalize matibabu yake. Nimemfahamisha kwa vidole. Akakunja uso kunishinda. Huyo kweli ni wa kwetu.

Njoo umchukue Ijumaa ya juma lijalo, na usije asubuhi, njoo jioni. Kuna mwanakondoo anamnywesha kwa chupa, na sitaki mtu wa kutuharakisha.

Ukishuka garini utatukuta wawili mlangoni. Mimi ndiye wa kupewa mkono kwanza. Nimemweleza, amekataa. Bahati yako una mikono miwili.

Bibi yako