Miche ya Loshuu Niliyoiacha Ikauke

Guangzhou, 9 Oktoba 1998

Mpendwa Mama Odilia,

Shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijaharibikiwa kabisa. Barua hii nimeiandika mara nne na mara nne nimeichana, na hii ya tano nimeapa kumkabidhi Haroun, mfanyabiashara wa kwetu anayekuja kuchukua nguo soko la Shahe, maana kesho anapanda ndege kurudi Dar na gazeti lenu huwa analisoma kila wiki. Majina yote humu nimeyabadilisha. Mimi niite Respicius.

Niko huku mwaka wa tatu, nasomea kilimo cha mboga kwa ufadhili wa serikali, na katika chuo chetu Watanzania tuko wawili tu, mimi wa Bukoba na mwenzangu nitakayemwita Elinami, Mmeru. Mama, huyu si rafiki wa darasani tu, huyu ndiye aliyenifundisha kushika vijiti vya kulia, ndiye aliyelala kwenye kiti pembeni ya kitanda changu wiki nzima mwaka ule wa kwanza nilipougua homa ya matumbo, na mama yake kila akimwandikia barua hunitaja na mimi kama mtoto wake wa pili ingawa hajawahi kuniona.

Mwaka huu mada yetu ilikuwa mboga za kusia mwezi wa nane, joto likiwa bado kali, ili zikomae mwezi wa kumi hewa inapopoa. Huku mwezi wa nane jua linaua mche kwa siku mbili, kwa hiyo kila saa nne asubuhi lazima uvute neti ya kivuli juu ya matuta, jioni uikunje, na umwagilie mara mbili kwa siku bila kukosa. Mimi nilipanda kabichi. Elinami alipanda loshuu, mboga ya majani ya kwao Meru, ya jamii ya haradali, na mbegu alitumiwa na mama yake zikiwa zimefungwa kwenye kitambaa kilichoshonwa kwa mkono. Alizisia zote. Miche yake ikatoka mizuri, yangu ikaliwa na wadudu, na Ijumaa moja Profesa Liang, mwalimu wetu, akatusimamisha wote kwenye kitalu cha Elinami akasema, "Tazameni kazi ya mtu anayependa anachokifanya." Kisha akatangaza kwamba nafasi ya kuendelea na shahada ya udaktari ni moja na amempendekeza Elinami. Nilipiga makofi. Elinami alinikumbatia akasema, "Ndugu yangu, yako inakuja." Mama, nilikuwa namchukia wakati huohuo amenikumbatia.

Elinami akahamishia miche yake kwenye matuta Jumamosi, mche mmoja mmoja, tisini kwa jumla. Jumapili tumbo likamshika, wakampeleka hospitali, kidole tumbo, wakampasua siku hiyohiyo. Akiwa kwenye machela alinishika mkono akaniambia, "Respi, neti saa nne. Na maji. Usisahau."

Sikusahau, na hapo ndipo ninapokufa kila siku. Ningekuwa nimesahau ningeomba radhi kama watu wengine. Nilipita pale Jumatatu, Jumanne, Jumatano na Alhamisi, asubuhi na jioni, nikienda kumwagilia kabichi zangu, keni imejaa maji mkononi, njia inapita katikati ya matuta yake, na sikuivuta neti, wala sikumwaga hata tone. Jumatatu majani yalikuwa yamelala. Jumanne yalianza kujikunja kingo. Nilikuwa naiona miche ile na nilikuwa nasema moyoni, kesho, halafu kesho ilipofika nikawa naogopa kuitazama nikaongeza mwendo. Na kila siku saa kumi nilikuwa naenda hospitali kumwona, ananiuliza, "Wanangu wanaendeleaje?" namjibu, "Wazima, wewe pona kwanza."

Ijumaa nikasimama, nikaona nilichofanya. Vijiti vya kahawia tu. Kwenye kona, kwenye kivuli cha ukuta wa pampu, ilikuwa imebaki miche kumi na mmoja yenye uhai. Elinami alikuwa anatoka hospitali Jumatatu. Akili ikaniruka. Nyuma ya chuo kuna kijiji cha wakulima wa mboga, na yuko mama mmoja tunayemjua, Mama Chen, ambaye alikuwa na kitalu cha haradali ya Kichina ya umri uleule, na haradali hizi zikiwa changa ni pacha kabisa, mtu hawezi kuzitofautisha. Nikamwomba miche, akanipa bila kuniuliza ya nini, tena akanichagulia yenye mizizi mizuri. Jumapili mchana watu wakiwa wamepumzika nikang'oa iliyokufa, nikapanda ya Mama Chen mahali palepale, nafasi kwa nafasi. Ile kumi na mmoja nilishindwa kuitupa. Niliipandisha juu ya paa la bweni, nyuma ya tangi la maji, nikaipanda kwenye makopo ya rangi, na iko huko mpaka leo, naimwagilia mimi mwenyewe kila siku, na imekuwa mikubwa, majani mapana, mizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kupanda.

Elinami alirudi anatembea ameinama kwa ajili ya mshono, akaenda moja kwa moja shambani, akakuta matuta ya kijani. Alilia. Alinishika shingo akasema hatasahau. Tangu siku hiyo sijui usingizi ni nini.

Wiki iliyopita Haroun alituletea unga wa sembe, Elinami akachuma majani ya kwanza, akapika, tukakaa watatu. Alikuwa anasubiri ile siku tangu mwezi wa nane. Akakata tonge, akachovya, akatafuna taratibu, akaacha.

"Vipi?" Haroun akamuuliza. "Mboga tamu hii, wewe unataka nini tena?"

"Tamu," Elinami akasema. "Lakini siyo ya mama."

Akachovya tena, akafumba macho kama mtu anayesikiliza. Halafu akasema, "Labda siyo mboga. Labda ni mimi. Miaka mitatu, huenda nimeshasahau ladha ya nyumbani." Akacheka kidogo, lakini uso wake, Mama, ningeomba ardhi ipasuke. Nimemwibia mtu mpaka ladha ya chakula cha mama yake, na anadhani kosa ni la ulimi wake.

Na halikuishia hapo. Haroun alikuwa amekuja na barua kutoka Meru, na Elinami akatusomea. Mama yake anaandika kwamba mvua za El Niño ziliondoka na bustani yake yote mpaka udongo, akataka kupanda tena lakini hata majirani hawakuwa na mbegu, na mbegu ile aliyomshonea kwenye kitambaa ndiyo iliyokuwa ya mwisho ya aina ile, ya tangu bibi yake. "Ukivuna, mwanangu, unikumbuke kwa kiganja kimoja tu." Elinami akakunja barua akasema, "Nitamrudishia mfuko mzima."

Jumanne Profesa Liang akapita matutani, akachuma jani, akalitafuna, akamuuliza, "Hii mbegu umeitoa wapi?" Elinami akamjibu kwa mama yake. Profesa akasema, "Hii ni haradali ya hapa. Kila mkulima wa Guangzhou anayo." Elinami akasimama palepale akasema, "Mama yangu hawezi kunidanganya, na mimi siwezi kukudanganya wewe." Sasa wanasema amebadilisha mbegu ili apate matokeo mazuri. Kikao cha idara ni tarehe 30 mwezi huu, na wakimwona na hatia, nafasi anapoteza na huenda akarudishwa nyumbani. Nami ndiye shahidi wake. Ameniandika mimi, kwamba nilikuwa natunza shamba alipokuwa hospitali.

Mama Odilia, nifanye nini? Nimefikiria nishushe ile miche ya kwenye paa niichomeke kimyakimya kwenye matuta yake, waikute, aokoke bila mtu kujua. Nimefikiria nirudi Bukoba bila kuaga. Mara nyingine natamani nilale nisiamke. Sili vizuri, darasani sisikii, na Elinami ndiye anayeniletea uji chumbani akidhani naumwa.

Tafadhali usingoje gazeti. Nijibu kwa faksi ya Ghalib, wakala wa mizigo tunayemtumia. Namba nimeiandika nyuma.

Respicius

Mama Odilia anajibu

Wasomaji wangu, jibu hili nilimpelekea mwenyewe kwa faksi tarehe 15 Oktoba, kwa sababu kikao kisingelisubiri gazeti. Nalichapa kama lilivyokuwa.

Mwanangu Respicius,

Marahaba. Umeandika kwamba unatamani ulale usiamke. Nimeisoma sentensi hiyo nikasimama hapo, na wewe ulipita juu yake kama vile ni neno dogo. Kwa hiyo kabla ya mengine yote, leo hii, ukimaliza kusoma karatasi hii, mtafute mtu mzima wa kukaa naye. Haroun ameniambia anatua huko Jumapili. Mpaka hapo kaa na huyo Ghalib dukani kwake, na mwambie maneno hayohayo uliyoniandikia mimi. Usijifungie na hili jambo peke yako.

Sasa nikwambie ukweli. Nimekasirika nawe. Nimelea watoto wanne na sijapata kusoma ukatili wa kimyakimya namna hii, wa mtu kupita na maji mkononi mara nane. Ungempiga ngumi siku ile profesa alipomsifu, ningekuelewa upesi zaidi. Nashukuru tu kwamba hukuniandikia kuwa ulisahau. Usije ukamwambia yeye hivyo. Atakapokuuliza, na atakuuliza, utamjibu kama ulivyonijibu mimi: niliona, na nikapita.

Hilo la kuchomeka miche kwa siri, liondoe kichwani. Utakuwa umebadilisha shamba la mtu mara mbili. Na atakayekutwa na mboga ya aina mbili kwenye matuta yake siku chache kabla ya kikao ni yeye, wewe utakuwa umesimama pembeni unatazama tena. Kurudi Bukoba nako ni hivyohivyo. Shahidi akitoroka, mshtakiwa anabaki na nini?

Utaanza na Elinami. Sio profesa, sio kikao, yeye, tena mkiwa wawili, tena mchana. Mwambie kwanza kwamba ulimi wake hauna kosa. Hilo litangulie kabla ya mengine yote, kwa sababu kila siku unayochelewa anazidi kuamini kwamba amemsahau mama yake. Kisha mweleze yaliyobaki, siku kwa siku, bila kujipamba na bila kulalama mbele yake. Usilie kama unaweza. Ukilia atalazimika kukubembeleza, namjua mtu wa aina hiyo, na siku hiyo si zamu yake.

Na usimwombe msamaha siku hiyohiyo. Najua unataka. Unataka akwambie yameisha ili upate usingizi. Hana deni la kukupa usingizi. Mwachie akasirike kwa muda anaoutaka, hata kama ni miaka.

Halafu siku hiyohiyo, kabla jua halijazama, nenda kwa Profesa Liang. Andika kila kitu, weka sahihi, tarehe za siku ulizopita, jina la huyo Mama Chen aliyekupa miche, na useme alikupa kwa wema hakujua. Utaadhibiwa. Sitakudanganya kwamba watakuhurumia kwa kuwa umesema mwenyewe. Unaweza kupoteza masomo, na ukirudi utawaeleza wazazi wako sababu ya kweli.

Kuhusu ile miche kumi na mmoja, nimemuuliza bwana shamba mmoja mstaafu ninayemwamini. Anasema loshuu na haradali ya Kichina ni ndugu na huweza kuchanganya chavua, kwa hiyo zikianza kuchanua pale karibu na mashamba ya watu utapata mbegu isiyo hii wala ile. Miche hiyo iwe mbali na haradali, na maua yafunikwe kwa neti nyembamba nyuki wasiingie, lakini mtu ayatikise kwa mkono kila asubuhi yashike mbegu. Msichume majani kwenye hiyo. Anasema mimea kumi na mmoja ni michache, lakini kiganja kimoja kitapatikana. Yaandike haya yote kwenye karatasi safi, umpe Elinami pamoja na makopo, kwa sababu miche ni yake na kazi ya kuitunza kuanzia siku hiyo ni yake kuamua, si yako.

Akikufungia mlango, viache vitu vyake nje ya mlango, uende zako. Usibishe hodi mara ya pili.

Odilia

Wasomaji, tarehe 6 Novemba nililetewa faksi kutoka Guangzhou. Mwandishi ameniruhusu niichape:

"Mama, nilimwambia Jumatatu. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliniuliza swali moja tu, kama siku ya Jumanne, majani yalipokuwa yanajikunja, bado yangeweza kupona. Nikamwambia ndiyo. Akaingia ndani akafunga. Kikao kimemsafisha, ila nafasi ya udaktari wameiahirisha mpaka mwakani, hakuna aliyepata. Mimi nimefukuzwa, naondoka tarehe 20. Haroun analala chumbani kwangu. Elinami hajasema nami neno tangu siku ile, tukikutana kwenye ngazi anatazama ukuta. Makopo niliyaacha mlangoni kwake, na siku tatu yalikaa palepale, udongo ukapasuka, nami nikajizuia nisiyaguse. Siku ya nne nilipita nikakuta udongo umelowa."