Kanda Nilizomwekea Baba Mkwe

Nyumba Na. 7,
Mtaa wa Kanisa,
Marlbridge.
14 Oktoba 1998

Mpendwa Shangazi Hester,

Na bado sijakwambia lililo baya zaidi, maana simu ilikatika nikiwa kwenye habari za mapazia. Kwanza, goti lako linaendeleaje? Na upepo wa huko visiwani? Sisi ni wazima. Rupert, mume wangu (wiki ya sita leo, na kila nikiandika "mume wangu" natabasamu peke yangu kama mwehu), huniletea chai kitandani kila asubuhi. Nampenda mpaka naogopa.

Hofu yenyewe ndiyo hii. Jumapili ya tarehe nne wakwe zangu walikuja kula kwetu kwa mara ya kwanza. Baba Leonard, kama ujuavyo, alifundisha historia katika chuo cha hapa miaka thelathini na mmoja. Nikawaza, nimfurahishe kwa kitu gani? Kwenye mnada wa kanisa nilikuwa nimepata kanda za video za tamthilia moja ya zamani ya televisheni, iliyotokana na riwaya ya kejeli kuhusu wahadhiri. Nilizitazama zote Rupert akiwa kazini, nikacheka hadi machozi. Nikasema, mtu wa chuo atapenda mambo ya chuo!

Basi, baada ya nyama ya kondoo nikaweka kanda. Sehemu ya pili anatokea mhadhiri ambaye kitabu chake hakijaisha kwa miaka ishirini. Anatembea nacho ndani ya mkebe wa biskuti. Mimi kicheko! "Mtazame, Baba! Umewahi kuona kituko kama huyu?"

Mama Muriel akageukia dirisha. "Mvua imetuhurumia leo, sivyo?"

Baba akainuka, akaomba koti lake. "Ahsante, mwanangu. Imekuwa siku ya kupendeza sana."

Rupert akatoka jikoni na povu mikononi, akaona televisheni, akaganda.

Walipoondoka nikamwambia, "Lakini si amesema imependeza?"

"Tamsin, kipenzi, Baba akisema 'imependeza sana,' jua ameumia sana. Angefurahi angesema 'si mbaya.'"

Kumbe mwandishi wa riwaya ile alikula meza moja na Baba miaka mingi, na ndiye aliyemsimamia siku alipooa! Mkebe ule ulikuwa wa Baba, na mhadhiri yule ni yeye. Tamthilia ilipoonyeshwa, wanafunzi walimwekea mikebe ya biskuti mlangoni muhula mzima. Kitabu chake mwenyewe alichokuwa akikiandika hakukigusa tena.

"Mbona hukuniambia?"

"Kwetu hilo haliongelewi."

Shangazi, nililia mpaka pua ikavimba. Siku nane hawakupiga simu. Niliwaza, ndoa changa hivi, na nimeshamcheka baba wa mume wangu usoni!

Juzi ikaja kadi ya Baba kwa posta, ingawa anakaa mitaa miwili tu kutoka hapa: "Tamsin, sikuwahi kutazama zaidi ya sehemu ya pili. Ningependa kujua rafiki yangu alinifikisha wapi. Nije Alhamisi saa kumi? Muriel asijue."

Alhamisi ni kesho! Mwisho wenyewe ni mzuri: chuo kizima kinatia saini kumfukuza mwanafunzi asiye na kosa, na mtu wa mkebe peke yake anakataa. Lakini kabla ya hapo ni sehemu tatu za kuchekwa bila huruma. Atazivumilia? Nilitaka kuziruka, Rupert akakataa. "Akigundua umemhurumia, hatarudi tena." Basi nitakaa karibu naye, na sitacheka mpaka acheke yeye.

Msalimie sana Mjomba Magnus na binamu Inga. Mungu awakinge na baridi hiyo.

Baba aliahidi harusini kwetu kwamba atakuja nasi kwako kuona ndege wa baharini. Tangu Jumapili ile hajalitaja, nami sithubutu kumuuliza. Lakini mimi na Rupert tutafika kabla mwezi huu haujaisha, hata bahari ichafuke vipi. Tafadhali, Shangazi, kitanda cha Baba kitandike tu.

Akupendaye siku zote,
Tamsin