Bafu la Mwenyekiti

Theodora, kaa chini kwanza. Haya kanisimulia Magdalena mwenyewe leo tulipotoka kanisani, na sisi miaka yote tulidhani ni uzushi.

Ni mwaka ule wa sabini na tano kule Ihanja, mumewe Antipasi akiwa mwenyekiti wa kijiji. Magdalena alikanyaga nyoka kwenye giza la bafu, akaapa hataoga tena humo bila mwanga. Basi Antipasi akaleta matofali ya kioo kutoka mjini, akajenga kuta mbili za bafu, mmoja wa mashariki, mmoja unaotazama njia.

Asubuhi moja akawaambia watu watangulie shamba la kijiji, yeye ana barua ya wilaya ya kuandika. Wakapita njiani, naye yumo bafuni anaoga. Jua liko nyuma yake, kivuli chake chote kiko ukutani, tumbo na kopo.

Tumbo na kopo, Theodora.

Damiani jirani yao akasimama. "Ndugu Mwenyekiti, barua hiyo unaiandika kwa sabuni?"

Kivuli kikachuchumaa.

Jioni Antipasi akachukua nyundo avunje kuta zote. Magdalena akajibanza mlangoni. "Baba Vero, ukuta umesema kweli tu. Ukiuvunja, nyoka nitamwona kwa macho gani? Wewe kesho nenda shamba."

Akaenda. Kutwa nzima na jembe, Damiani akimhimiza kama alivyozoea kuhimizwa. Aliporudi alilala kabla ugali haujaiva.

Magdalena akaoga polepole kwenye mwanga wa jua la jioni, akala peke yake, naye akalala.