Kibegi Hakitengenezwi Tena

Jumatatu, 4 Novemba
Nimepima kiti cha gari la nne. Futi ya kushonea mkononi, mbele ya dalali wa Tandika, watu wanatazama. Sikujali. Kutoka ardhini hadi kwenye kiti, sentimita hamsini. Chini mno. Nikikaa humo sinyanyuki mpaka nivutwe. Lile la Jumamosi lilikuwa juu mno, lilitaka ngazi. Dalali kaniuliza kama nanunua gari au nashona suruali. Nikamwambia vyote vinaharibika usipopima.

Chuma cha mguu wa kushoto kimenichubua tena juu ya goti. Polio nilipata nina miaka mitatu. Sasa nina arobaini na sita. Mguu nimeuzoea, chuma sijakizoea.

Madaftari ya Kidato cha Pili B bado. Aljebra yao hovyo kabisa.

Jumatano, 6 Novemba
Barua imetoka. Mkuu wa shule kuanzia Januari. Ile shule mpya mbele ya Chamazi, lami inapoisha, halafu mbele tena. Afisa aliyenikabidhi kasema kwa upole, "Mwalimu, ukiona ni mbali andika tu, tutaelewa." Alikusudia wema. Nimechukia sana. Hajamwambia hivyo mwalimu yeyote mwenye miguu miwili mizima.

Nina wiki tatu za kujibu.

Nimeuliza watu wa kule. Mvua ikinyesha bajaji hazifiki. Kwa hiyo gari. Otomatiki, mguu wa kulia peke yake unatosha. La juu kidogo kwa ajili ya matope. Leseni ninayo tangu mwaka jana. Kaka Deusi hajui. Kila Jumamosi nilimwambia nipo kwaya.

Ijumaa, 8 Novemba
Nimelipata.

Mwananyamala, uani kwa Mzee Shomari, karani mstaafu. Gari lenyewe watu wanaliita Kibegi, kwa vile tairi la akiba limebebwa mgongoni. Kafupi, kamenyanyuka, rangi ya fedha, namba C. Kiti sentimita sitini na nane. Niligeuka, nikakaa, nikaingiza mguu wa kushoto kwa mkono, nikafunga mlango. Hakuna aliyenishika. Nikabaki mle ndani nikijifanya naangalia dashibodi. Kumbe nalia.

Mzee anauza kwa sababu ya macho. Daktari kamkataza kuendesha. Amekitunza. Mazulia safi, daftari la matengenezo kwa mwandiko wa karani.

Ubaya mmoja. Kibegi hakitengenezwi tena. Kiwanda kiliacha zamani.

Jumatatu, 11 Novemba
Nimekosea kulitaja chumba cha walimu. Wamecheka mpaka chai ikawapalia. Ati gari limekufa kiwandani wewe unalifufua kwako Kiwalani. Spea utachonga mwenyewe. Siku ya kuliuza utawapa wauza chuma chakavu. Mwalimu wa Jiografia, ambaye hata baiskeli hana, ndiye aliyesema sana.

Nikawaambia watoto hawaugui polio tena, kwa hiyo na watu wa aina yangu hawatengenezwi siku hizi. Mbona bado nafundisha?

Wakarudia vikombe vyao. Nimefurahi. Baadaye nimeona haya kidogo. Kidogo tu.

Jumamosi, 16 Novemba
Siku nzima maduka ya spea, Ilala. Nimekwenda na orodha. Sitaki kubishana kwa mdomo mtupu.

Filta, breki, bushi, plagi: zipo. Zinaingiliana na magari mengine ya kiwanda hichohicho yanayotengenezwa mpaka leo. Shokapu zipo, za kutafuta. Taa za nyuma hakuna, mpaka Kibegi cha mtu kipate ajali kiuzwe spea. Raba za milango hakuna. Giaboksi ikifa, nitapata iliyotumika, kwa bahati.

Muuzaji mmoja kaniambia wenye Vibegi wanajuana, wana kundi lao la simu, wanasakiana vifaa. Kaniunganisha. Watu themanini na kitu, wanapenda magari yao kama mbuzi wa maziwa. Nimesoma mpaka macho yameuma.

Kwa hiyo si gari la kila mtu. Ni gari la mtu anayejua anachofanya. Nalitaka.

Jumatatu, 18 Novemba
Mzee Shomari kapiga simu, sauti ya chini. Kaka yangu kampigia. Kamwambia dada yake hana miguu, na akiniuzia gari damu yangu itakuwa juu yake.

Deusi. Jumapili alikuja, akashika simu yangu ati anatafuta namba ya padri. Kumbe alitafuta ya Mzee.

Siandiki zaidi.

Jumanne, 19 Novemba
Baada ya vipindi nimekwenda Mwananyamala. Shikamoo, marahaba, kahawa. Mzee hakutaka kuniangalia. Kasema, "Mwanangu, mie sina neno na wewe. Lakini mtu akikutajia damu, usingizi haupatikani."

Nikamwekea fomu ya daktari mezani, ile ya leseni. Akaisogeza karibu na pua. Macho yanamsumbua kweli.

"Mzee wangu, wewe daktari amekukataza. Mimi daktari amenisainia. Tumsikilize nani, daktari au Deusi?"

Akakaa. Akamwita mkewe alete ufunguo. Tukatoka, yeye pembeni yangu. Barabara ya hospitali, bodaboda kila upande, mama mwenye ndoo akikatiza. Nimeendesha. Hakusema neno ila mara moja, kwenye tuta: nipunguze, ana mgongo. Tuliporudi kasema nilete fundi wangu akague, mengine tutazungumza.

Nimegundua kitu. Linapohama gia ya pili kwenda ya tatu linashtuka. Nimejiambia si kitu.

Jumapili, 24 Novemba
Kwa Deusi, baada ya misa. Wifi kapika ndizi na maharage. Nilikula kwanza. Sitaki isemwe nilikurupuka.

Nikamuuliza kwa nini. Hakukana. Kanikumbusha Karagwe. Miaka minne alinibeba mgongoni kwenda shule, mlima ule, yeye mwenyewe mtoto wa miaka kumi. Kweli. Naijua harufu ya shati lake lile. Kasema kijana wa rafiki yake anaweza kuwa dereva wangu. Gari zuri, la chini, jipya jipya. Nikae nyuma kama mkubwa.

"Sitaki dereva."

"Ukifia barabarani mama atamlaumu nani?"

"Nikifa nimekufa, Deusi. Saa hizi niko hai, lakini mpaka wewe uniruhusu. Umenibeba, nashukuru. Hujanishusha bado."

Wifi akanyanyuka kwenda jikoni. Deusi akawa anatazama sahani. Nimetoka na magongo yangu bila kuaga. Nimemkosea kaka mkubwa mezani kwake. Sijutii. Au najutia sauti, sijutii maneno.

Kibegi nitakinunua. Liwalo na liwe.

Jumanne, 26 Novemba
Fundi Chande, hapa Kiwalani, ndiye ninayemwamini kwa sababu haongei sana. Mjukuu wa Mzee Shomari kaleta gari. Chande kaliendesha nusu saa mpaka likapata moto vizuri. Mshtuko wa gia kauhisi. Kasema hiyo si shida, haidroliki, ile oili ya giaboksi, imechoka, ibadilishwe.

Halafu akaingia shimoni, chini ya gari.

Nilimsikia akigonga chini kwa spana. Ko, ko, ko. Kisha sauti ikabadilika. Puu. Akagonga tena palepale. Akaniita niinamie nione. Chini ya rangi nyeusi nzito kulikuwa na kiraka cha bati, kimechomelewa, na nyuma ya kiraka hakuna chesisi. Kutu tu. Inamegeka kama mkate mkavu. Upande wa dereva.

Nikamwambia kwani hakiwezi kuchomelewa upya? Akasema inawezekana. Nikamwambia basi kichomelewe. Akatoka shimoni, akafuta mikono, taratibu.

"Mwalimu, gari hili litatembea. Ila mie simpandishi mama yangu."

Nilibishana naye. Mimi, mwalimu wa hesabu, nabishana na shimo kwenye chuma. Nilimwambia wanaume wote mmekula njama. Chande kanipa kiti nikae.

Nimekaa pale gereji mpaka jua likashuka. Nililitaka gari, au nilitaka kumshinda Deusi? Aibu yangu yote ya leo imo humo.

Jumatano, 27 Novemba
Nimekwenda mwenyewe kumwambia Mzee Shomari. Haifai kwa simu. Hakuniamini. Kasema ile rangi ya chini aliipaka fundi mmoja gari lilipofanyiwa huduma mwaka juzi, akaambiwa ni kinga ya kutu. Alilipia kinga. Kaumia. Nikampa pole.

Na leo ndiyo siku ya mwisho ya kujibu. Nilikaa ofisini kwa makamu mkuu nikaandika kwa mkono, mistari miwili. Nakubali uteuzi. Nitaripoti Januari.

Gari sina. Barabara haipo. Nimesaini hivyohivyo. Nitafika hata kwa trekta.

Jumapili, 1 Desemba
Deusi kapata habari. Kaja nyumbani, kasimama mlangoni, uso umetulia kama mtu aliyeshinda kesi.

"Nilikwambia."

"Hukuniambia kutu. Uliniambia mguu."

Nikaendelea. Angeniambia tazama chesisi, tazama gia, ningemshukuru. Hakulitazama gari hata siku moja. Alinitazama mimi. Fundi Chande kalikataa gari, mimi hakunikataa.

Hakunywa chai.

Nilidhani nitajisikia mshindi. Nimefua tu mashuka, nikaanika.

Jumamosi, 7 Desemba
Mzee Shomari kapiga. Nilifikiri ana hasira nami. Kumbe kapeleka Kibegi chake kwa fundi mwingine, kathibitisha, na hataki kumuuzia mtu yeyote. Atakitoa spea kwa wenzake wa kundi. Wamekwisha kugombania taa za nyuma.

Halafu kasema marehemu rafiki yake alikuwa nacho pia. Kimekaa Mbagala kwa mjane, Bi Mwanahawa. Marehemu hakuwahi kukipeleka ufukweni wala kukipaka chochote chini.

"Mwambie nimekutuma. Mwache fundi wako agonge mpaka achoke."

Nimesema ahsante mara tatu, kama mtoto.

Jumanne, 10 Desemba
Mbagala. Kibegi cha Bi Mwanahawa ni kibaya kwa macho. Kijani cha mchicha uliochemka. Siti ya nyuma imechanika, kiyoyozi kimekufa, mlango mmoja unaingiza vumbi, na raba yake najua haipatikani. Kuku walikuwa wametaga chini yake. Bi Mwanahawa kawaondoa kwa heshima, mmojammoja.

Chande kagonga. Kagonga kila mahali. Ko. Ko. Ko. Nilikuwa nasikiliza kama nasikiliza moyo wa mgonjwa. Kachota haidroliki: nyekundu, haina harufu ya kuungua. Kazungusha tairi zote nne. Rejeta ina mchirizi, ya kuzibwa. Betri ya kutupa. Bushi mbili za mbele zimekwisha, zipo Ilala, nalijua duka.

Mimi nimekiendesha mpaka kikapata moto, nikapanda nacho kilima mara mbili. Safari hii nilijiuliza swali moja tu. Lingekuwa la mtu nisiyemjua, na Deusi hajasema lolote, ningelinunua?

Ndiyo. Pamoja na vumbi lake.

Bi Mwanahawa kaniuliza nani ataendesha. Nikamwambia mimi. Akasema, "Haya. Pedeli ya breki iko juu kidogo, uizoee." Basi. Hakuna jingine alilosema. Ningeweza kumkumbatia.

Jumamosi, 14 Desemba
Kadi ya gari ina jina langu. Leokadia. Nimeisoma mara nyingi kuliko barua ya uteuzi.

Nimeliendesha kutoka Mbagala hadi Kiwalani peke yangu. Trafiki kanisimamisha, kaangalia leseni, kaangalia magongo pembeni yangu, kaangalia leseni tena. Nilimkazia macho. Karudisha, kasema safari njema. Nilikuwa nimeandaa hotuba nzima. Imebidi niirudishe tumboni.

Jumapili, 22 Desemba
Deusi kaja bila kutangulia kupiga simu. Kalizunguka Kibegi. Kapiga tairi teke. Kainama, akatoa spana mfukoni, akagonga chesisi upande wa dereva, mahali palepale. Chande kamwambia, bila shaka. Akagonga muda mrefu.

Kwenye mfuko wa plastiki alikuwa na pembetatu ya tahadhari na mtungi wa zimamoto. Kaviweka nyuma mwenyewe, kavifunga kwa kamba visibingirike.

"Trafiki wanaviulizaga hivi," kasema.

"Nashukuru, kaka."

Kanywa chai vikombe viwili. Hatukuongea mambo yale. Nafikiri hatutayaongea. Bado nina hasira naye kidogo, lakini sasa naweza kula nayo.

Jumatatu, 13 Januari
Mvua tangu alfajiri. Baada ya lami, matope ya rangi ya chai ya maziwa. Nimekwenda polepole, mikono miwili. Nimefika kabla ya kengele. Walimu kumi na mmoja, madarasa saba, choo kimoja hakina mlango. Kwenye orodha ya mahitaji nimeandika mlango kwanza.

Jioni mwalimu mmoja mgeni, Neema, alikuwa amesimama getini na mtoto mgongoni, anasubiri mvua ipungue. Nikamfungulia mlango wa gari. Hatukuzungumza sana. Kabla ya kufika Chamazi wote wawili walikuwa wamelala, mtoto kafungua mdomo, mama kaegemea kioo.

Nilipofika kwake sikumwamsha. Nikazima injini. Mvua ikawa inagonga juu ya bati la gari. Nikakaa, nikasubiri wapumzike kidogo.