Mluzi wa Jasusi

Biharamulo, Jumatatu

Kaka yangu mpendwa Juvenali,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Singida, wewe, wifi Happyness na watoto, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimekwisha. Sisi huku hatujambo kwa uwezo wa Mungu. Mvua zimenyesha vizuri, maharage ya Bugarama yamebeba, na baba anakula na kutembea mwenyewe. Nayasema haya mapema ili usije ukaruka mistari ukitafuta msiba. Hakuna aliyekufa.

Utashangaa kuona bahasha, wakati siku hizi hata padre anatangaza ibada kwenye simu. Lakini simu yako mara nyingi anaipokea wifi, na ujumbe watoto wako wanausoma kabla yako. Haya ni yako peke yako. Nimemkabidhi Gervasi, yule kondakta uliyesoma naye, naye ameniahidi kukupa mkononi. Isome ukiwa umekaa, na usiisomee mezani.

Mwaka jana nilikuambia kwamba Halfani ananisumbua nimtungie muziki wa filamu. Ni yule muuza simu wa karibu na stendi, mjukuu wa mzee Idi aliyekuja na duka la vitambaa kutoka pwani. Filamu yenyewe inaitwa Mgeni wa Boma. Inamhusu jasusi anayefika mjini akijifanya mpima ardhi. Anapanga chumba kwa mama mjane, kumbe kazi yake ya kweli ni kuangalia nani anaingia na nani anatoka kwenye boma la Mjerumani. Usicheke. Wameigiza vizuri kuliko nilivyotegemea. Halfani mwenyewe ndiye jasusi, maana ndiye mwenye koti.

Alinitaka mimi kwa sababu nina kinanda na kijistudio changu cha kurekodia kwaya, na kwa sababu hakupata mwingine. Alisema kila filamu ya kijasusi ina wimbo wake mkuu, na ndani ya wimbo huo kuna kipande kifupi ambacho ni cha jasusi peke yake. Kipande hicho kikilia, hata mtu aliyefumba macho anajua kwamba yule mtu ameingia chumbani. Nilihangaika nacho wiki nzima. Mimi ni mtu wa kwaya, vidole vyangu vinajua njia za kanisani tu. Kila nilichopiga, Halfani alikisikiliza ameinamisha kichwa, kisha akasema jasusi wake anaingia kama mtu anayepeleka sadaka. Nilimnunia, ingawa alikuwa amesema kweli.

Ndipo nikaenda Bugarama kumsaidia baba kupalilia. Asubuhi alikuwa shambani anakata majani makavu ya migomba na kupiga ule mluzi wake. Mfupi, unapanda taratibu, unasimama juu kidogo, kisha unapotaka kushuka baba huukatisha na kuanza upya. Nimeishi nao miaka yote na sikuwahi kuujali. Siku ile niliusikia kwa masikio ya filamu, nikasimama na jembe mkononi. Nikatoa simu nikamrekodi bila yeye kujua.

Nikarudi Biharamulo, nikaupunguza mwendo. Chini yake nikaweka sauti moja nzito ya kinanda isiyobadilika, na mbali kabisa ngoma inayogonga polepole. Kwa kuwa baba haumalizii, mwisho niliutunga mwenyewe, ukabaki unaning'inia juu. Zulfa, mdogo wake Halfani, akaimba maneno machache: "Usigeuke, anayekuita hakujui. Usigeuke, njia imeshakuona." Tulipouweka kwenye picha, pale Halfani anapovuka lango la boma na koti lake, Halfani hakunitajia tena sadaka. Nilijivuna kaka, sitakuficha.

Unajua desturi ya kwaya yetu. Kuimba sauti uliyopewa na mtu bila kumtaja ni wizi. Kwenye kila rekodi tunasema aliyetupa sauti ni nani na anatoka kijiji gani, hata kama ni bibi aliyeimba akitwanga. Kwa hiyo nilimwambia Halfani aandike mwishoni, tena kwa herufi kubwa: Mluzi ni wa Mzee Bartholomayo wa Bugarama, Ngara. Nilitaka baba aheshimiwe. Baba nilipomwambia hakufurahi. Aliniuliza mara mbili kama jina linaweza kufutwa. Nikadhani ni haya za wazee.

Haikuwezekana kufutwa. Filamu ilikwishasambaa kwenye vibanda vya video na kwenye simu za watu. Ukikaa stendi utasikia mluzi ule unalia mfukoni mwa dereva, mfukoni mwa muuza vitumbua, na watoto wanaupiga wakitoka shule. Mwanzoni nilikuwa nikiusikia natabasamu.

Wiki iliyopita alinijia mzee mmoja Msukuma, mkulima wa Nyamahanga, jina lake Nshoma. Alivua kofia mlangoni, akaomba nimsikilizishe wimbo wa filamu. Nikauweka. Akaniomba nimwondoe yule binti anayeimba. Nikamwondoa Zulfa. Akaniomba niondoe ngoma, kisha ile sauti nzito, mpaka ukabaki mluzi wa baba mtupu. Akaniomba niurudie, na nilipourudia akaomba tena. Alikuwa ametazama sakafuni, mikono juu ya magoti. Mwishowe akasema kwa upole kwamba mwisho ule nimeutunga mimi, siyo wenyewe. Nilishangaa sana. Nikajiambia hatimaye nimepata msikilizaji.

Akauliza kama Mzee Bartholomayo bado yuko hai. Kaka, hapa ndipo moyo wangu unaponiuma kila nikikumbuka, kwa sababu sikumwelekeza tu. Nilifunga studio nikampeleka mimi mwenyewe mpaka Bugarama. Njia nzima nilimweleza jinsi baba anavyopiga mluzi akiwa shambani, jinsi tulivyolelewa, nikamtaja na marehemu mama. Nilizungumza mno. Yeye aliitikia tu, na tulipopita kwenye msitu alitazama dirishani bila kupepesa macho.

Baba alimpokea vizuri. Nikawaletea rubisi ya ndizi, wakanywa, wakaulizana habari za mazao. Kisha Nshoma akamwomba baba ampigie ule mluzi. Baba akakataa kwa mzaha, akasema meno yamepungua. Nikamhimiza mimi, mjinga mimi. Akaupiga, akafika pale juu, akakatisha kama kawaida yake. Na Nshoma, bila kuinua kichwa, akaumalizia.

Unashuka, kaka. Unashuka hatua fupi fupi na kutua chini kabisa. Baba aliweka kikombe chini. Nami mwisho ule niliujua. Nilikuwa nimeusahau, lakini niliujua.

Nshoma akasimulia. Unakumbuka enzi zile mabasi yalipokuwa yakipita msituni kwa msafara na askari. Basi lao lilichelewa msafara, dereva akaamua kwenda peke yake. Nshoma alikuwa amekaa nyuma na mkewe Rozina, wanahamia huku kutafuta shamba. Kwenye kona ya mteremko mtu mmoja aliyekaa mbele, karibu na dereva, alifungua dirisha akapiga mluzi. Taratibu, mpaka mwisho. Watu wenye bunduki wakatoka kwenye majani. Walijua kwamba ndani hakuna askari, kwa sababu mpelelezi wao alikuwa amepanda pamoja na abiria tangu stendi, amekaa nao, labda na kula nao. Rozina hakutoka msituni. Nshoma alilala kifudifudi kwenye majani, sura ya mtu yule hakuiona, ila mluzi aliubeba. Alisema amekuwa akiutafuta kwenye vinywa vya watu mpaka akachoka, kisha siku ya soko akaingia kibandani kupumzika jua, na ukaanza kulia kwenye filamu.

Hakupandisha sauti hata mara moja. Alimgeukia baba akamuuliza, "Mzee, huu mluzi ni wako?"

Baba akasema, "Ni wangu."

"Basi umalizie."

Baba akasema leo pumzi haitoshi. Nshoma akavaa kofia. Akasema atarudi Jumapili hii inayokuja baada ya misa, na safari hiyo atakuja na shemeji zake, ndugu wa Rozina, nao wasikie. Akanishukuru kwa kumleta, akaondoka. Kikombe chake hakukimaliza.

Alipotoweka machoni nilimfokea baba, Mungu anisamehe. Nilimuuliza kwa nini anajitwika kitu kisicho chake, wakati yeye miaka ile hakupanda basi lolote, alikuwa hapa hapa na mama mgonjwa. Nikaanza kulia. Ndipo akaniambia. Akasema mluzi ni wako wewe, kaka, ulikuwa ukiupiga ukirudi nyumbani usiku ili akufungulie mlango. Akasema habari za basi lile zilipofika Bugarama, na watu wakasimulia kuhusu mluzi, hakukuuliza chochote. Alikufungia nguo zako, akakusindikiza mpaka barabarani, akakuambia usirudi. Mimi niliambiwa umekwenda kutafuta kazi. Nililia nikikutaka unibebe, kwa sababu ni wewe uliyekuwa ukinibeba mgongoni kutoka mtoni, ukinipigia mluzi huo huo, mzima, mpaka mwisho wake. Ndiyo maana niliujua.

Nilimuuliza baba kwa nini basi anaupiga. Alisema haupigi. Alisema unatoka wenyewe mikono ikiwa na kazi, na akishtuka mdomo unakataa kuendelea. Ndiyo maana hana mwisho.

Kaka, sikuulizi kama ni kweli. Kama si kweli, utakuja uniambie usoni, na nitafurahi kuliko mtu yeyote duniani. Lakini miaka yote hii hukuja hata kumzika mama, na mimi ndiye niliyekuwa nikikutetea kwa majirani.

Sikiliza anachokifanya baba. Kesho yake aliniita akaniomba nimfundishe ule mwisho. Alisema amekuwa akiukatisha pale pale kwa miaka mingi mno, sehemu iliyobaki imemtoka kabisa, na masikio yake hayakumkamata Nshoma vizuri. Anataka Jumapili aupige wote mbele ya wale watu, wasiwe na shaka, wafanye watakalo, jambo liishie kwake. Nilimwambia watamuua au watampeleka polisi afie huko. Akasema, "Yeye ana watoto. Mimi nimebakiza migomba." Amekwishamwonyesha jirani mpaka wa shamba. Amefua shati lake la kanisani.

Nilikataa. Akaanza kujitafutia mwenyewe, nami nikabaki naye Bugarama. Asubuhi na jioni namsikia kwenye migomba akijaribu kushuka, anakosea, anaanza upya, mzee wa umri ule, na majirani wanacheka wakidhani filamu imempanda kichwani. Jana, kabla sijarudi Biharamulo, nikashindwa kuvumilia, nikakaa naye nikamfundisha.

Sasa nikuambie nilichofanya, maana ndicho kilichonifanya niandike. Nimemfundisha vibaya. Nimempa mwisho unaoshuka vizuri, unaopendeza, lakini unatua pasipo pake. Baba hajui. Ananiamini kwa sababu mimi ndiye fundi wa muziki, na ameushika barabara, anaupiga kwa furaha inayonitia uchungu. Jumapili ataupiga mbele ya Nshoma, na Nshoma atajua palepale kwamba kinywa kile sicho. Atamuuliza baba ni cha nani. Baba hatajibu, hata wakimkata. Kisha atanigeukia mimi.

Nami nitamjibu, kaka. Nimejipima siku hizi zote na sikuona njia nyingine. Nitamtaja Juvenali wa Singida, na nitamwambia anapokaa.

Gervasi amesema barua hii utaipata Jumatano. Kutoka huko kuja Ngara ni safari ya siku moja, na kwenda mahali pengine popote ni hivyo hivyo. Ukija, uje mchana, na mimi nitasimama karibu nawe, sitakukana mbele ya mtu yeyote. Ukiondoka, umuage wifi vizuri, maana yeye hana kosa, na uwaambie watoto jambo lolote lisilo uongo.

Mpe wifi Happyness salamu zangu nyingi, na uwabusu watoto kwa niaba ya shangazi yao ambaye hawajawahi kumwona. Halfani na Zulfa wanakusalimu bila kujua wanamsalimu nani. Baba hajakusalimu, kwa kuwa nimemficha barua hii. Angeijua angeichana.

Ni mimi mdogo wako uliyembeba,

Tecla